Chafya Tatu za Kikopey

Juzi nilikuwa Kikopey, kituo cha nyama choma kando ya barabara kuu, ndani ya bucha moja yenye giza na moshi, nikingoja nyama. Meza ya jirani, familia mbili zilikuwa zinapanga harusi.

Babake msichana alitoka kunawa kwenye mfereji wa mlangoni. Jua lilipompiga usoni, akapiga chafya tatu. Kijana anayetaka kuoa akamfuata. Naye, jua lilipompiga, akapiga tatu. Meza nzima ikacheka.

"Kijana, kumbe na wewe ni jua?"

"Ni jua, mzee. Tangu nikiwa mdogo."

"Kwetu ni mimi, baba yangu na babu."

Mamake kijana, mjane, hakucheka. Alirudisha kipande cha mbavu kwenye sinia polepole.

"Marehemu hakuwa hivyo," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mzee aligeuka na maji mikononi, akamtazama kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kupanga zamani.

Msichana akainuka ili naye akanawe. Yule mjane akamshika mkono.

"Kaa ndani, mami. Jua ni kali."

Nilitamani kuwaambia kwamba chafya ya jua hurithiwa kweli, mzazi kwa mtoto, lakini wanayo watu wengi wasiojuana kabisa. Haithibitishi chochote. Mimi mwenyewe ninayo, niliitoa kwa mama.

Lakini nyama yangu ilikuja, nikaimaliza, nikaagiza chai, kisha nyingine, na kama wao, nikangoja jua litue ndipo nitoke.