Miti ya Mpangaji

Kila asubuhi Mama Hulda hufagia uwanja wake, na kila asubuhi akifika kwenye miti ya parachichi huinua ufagio, huizunguka, kisha huendelea upande wa pili. Majani yaliyodondoka pale chini hayagusi. Romani, mpangaji wake, alimkataza. Alisema hiyo ni mbolea yake.

Nyumba ni ya Mama Hulda. Iko Makambako, mtaa wa nyuma ya reli, vyumba vinne vya tofali za kuchoma, na yeye na marehemu mumewe waliijenga kidogo kidogo kwa kuuza mahindi na mbao. Romani anakaa vyumba viwili vya mbele. Kimoja cha uani analala Mama Hulda na magunia yake. Cha nne alikuwa nacho Beatha, muuguzi, mpaka Romani alipoanza kufunga geti kwa kufuli lake mara tu jua linapozama. Beatha akitoka zamu alibaki nje akigonga, na Romani akimjibu kutoka ndani, "Wanawake wenye heshima wako majumbani saa hizi." Beatha akahama. Haikupita wiki, chumba chake kikajaa makreti ya Romani, ambaye kazi yake ni kununua na kuuza parachichi.

"Kilikuwa wazi, mama," alisema. "Chumba kikikaa bure kinaingia panya."

Romani ni mtu wa Kifanya, na huko mtu hupimwa kwa miti aliyopanda. Mvua za kwanza alizozikuta hapa, alileta miche akaipanda uwanjani. Mama Hulda alimchotea maji ya kumwagilia. Alifurahi kwamba amempata mpangaji anayependa mahali anapoishi.

Kisha mwaka jana Hulda, binti yake, alipiga simu kutoka Manda. Mumewe amemleta mwanamke mwingine ndani. Alitaka kurudi nyumbani na watoto wake watatu, waanze shule huku mwezi wa kwanza. "Njoo," mama yake alimwambia, "nitakupa vyumba vya mbele." Siku hiyohiyo alimpa Romani notisi, kwa mdomo na kwa adabu. Romani aliipokea kwa adabu vilevile, akaendelea kukaa.

Muda wa notisi ulipokwisha, Mama Hulda alimwita mwenyekiti wa mtaa, Mzee Frederick. Alikuja Jumamosi, akakalia kreti. Sisi majirani nasi tulikuja, kila mtu na ndoo yake, kama tuliofuata maji.

"Kamwene, mama. Shida ni nini?"

"Nataka atoke. Binti yangu anarudi."

"Romani, umesikia?"

"Nitatoka, mwenyekiti. Mimi si mkorofi. Ila nitoke na miti yangu."

"Utaibeba mgongoni?" aliuliza Emilia, jirani wa geti la pili, na watu wakacheka.

"Basi anifidie. Angenitoa ikiwa bado miche, ningeng'oa tu nikaenda. Sasa inazaa."

"Sikumwomba apande," alisema Mama Hulda.

"Muulize aliniambia nini siku nilipopanda."

Mwenyekiti akamgeukia Mama Hulda.

"Nilimwambia asante."

"Umesikia, mwenyekiti," alisema Romani.

Mzee Frederick alijikuna shavu. "Mama, kama ulimshukuru, ina maana ulikubali. Mti una mwenyewe. Malizaneni kwanza habari ya miti, ndipo tuongee habari ya vyumba."

"Siku nyingine mpangaji akikuletea mche, mtukane," alisema Emilia. Watu wakacheka tena, na Mama Hulda naye alicheka kidogo, kwa kuwa walikuwa wageni wake.

Alipanda gari akaenda Njombe kumtafuta mwanasheria. Mwanasheria alimwambia anaweza kushtaki na huenda akashinda, lakini miti itathaminishwa, na thamani yake hupanda kila msimu. Kesi ikichukua miaka, fidia nayo itakua. Mama Hulda alirudi jioni, akakuta geti limefungwa. Aligonga. Romani alikuja kumfungulia bila haraka.

"Ungeniambia unatoka, mama."

Baada ya Krismasi alikuja dereva mmoja wa lori kuulizia chumba. Alimkuta Mama Hulda uwanjani.

"Bibi, mwenye nyumba yupo?"

Romani alitokea mlango wa mbele akifuta mikono. "Karibu, kaka. Ndiye mimi."

Mama Hulda alisogea wapite.

Jumapili ya kuamkia siku ya kufungua shule nilimkuta mlangoni pa chumba chake, akichambua maharage. Nilikaa nikamsaidia. Tulipofika katikati ya ungo nilimuuliza Hulda na watoto watalala wapi wakija.

"Haji," alisema. "Nimemwambia nyumba imejaa."