Jiko Lisilofuka Moshi

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, baba yangu aliporudi kutoka misa na gazeti kwapani, akatupita wote bila salamu, akaketi kwenye kigoda chake na kuniita kwa sauti ya kukatika. Akiniita "Kwamboka" kwa sauti ile nilijua pana jambo. Tulikuwa tunakaa kule karibu na Keumbu, hapo hapo kwenye ndizi za mjomba wako, na mimi nilikuwa msichana aliyekwisha kupata mchumba. Ukinitazama leo huwezi kuamini, lakini siku hizo nilikuwa na shingo.

Aliyenitaka aliitwa Onchiri, babu yako. Kwao ni kilima kimoja upande wa Nyamira, watu wa chai na watu wa Sabato. Sisi tulikuwa Wakatoliki wa ndizi. Baba alikuwa hajakubali wala hajakataa, kwa sababu kwa desturi yetu, kabla ng'ombe hawajatajwa, hutumwa esigani. Huyo ni mtu wa katikati, anayekwenda kuichunguza nyumba ile: wanalima au wanalala, wanapatana au wanapigana, majirani wanasemaje. Baba alikuwa bado anatafuta wa kumtuma. Jumapili ile akatangaza kwamba hamhitaji tena.

"Gazeti limekwenda kwa niaba yangu," alisema. "Soma."

Nikasoma kwa sauti. Aliyeandika alikuwa msafiri kutoka Nairobi, na kilima cha akina Onchiri alikitaja kwa jina. Alisema alitembea huko asubuhi nzima asione jembe likiinuliwa. Majani chai yamekomaa shambani hayana mchumaji, huku wazee kwa vijana wakirandaranda barabarani wamevaa suti na viatu vinavyong'aa. Hata majikoni hakukuwa na moshi. Akamaliza kwa kusema watu wa kilima kile wanapenda kujipamba kuliko kufanya kazi, na njaa ikiwafika wasimlaumu Mungu.

Baba alilichukua gazeti, akalikunja polepole kama anayekunja nguo ya kanisani.

"Lisemwalo lipo," akasema. "Binti yangu hataolewa na suti."

Nililia usiku ule hadi mto ukalowa. Nilimpenda yule kijana, mwanangu, sioni haya kulisema sasa. Tena usidhani baba alikuwa mtu mbaya. Alinisomesha wakati wenzake walikuwa wanamcheka. Ila tangu utotoni alikuwa amesikia maneno ya kejeli juu ya watu wa Sabato, na alikuwa ameyahifadhi. Gazeti halikumpa habari mpya. Lilimwambia alichokuwa anangojea kuambiwa, na neno la namna hiyo huwa tamu sana, mtu hulimeza bila kutafuna.

Aliyeniokoa ni Shangazi Bosibori, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye binadamu pekee ambaye baba alimwogopa. Kwetu shangazi ana kauli katika ndoa ya binti wa kaka yake. Alikuja Jumatatu moja kwa moja kutoka darasani, chaki bado kwenye mkono wa sweta. Hakunibembeleza. Aliomba gazeti, akasoma kimya, akarudia tena, kisha akacheka mpaka akafuta machozi.

"Ndugu yangu, huyu mtu alipita siku gani?"

"Haikuandikwa," baba akajibu.

"Haikuandikwa, lakini imo. Kwamboka, soma tena pale pa viatu."

Nikasoma.

"Na pale pa moshi."

Nikasoma. Baba akaanza kujikuna shingo. Hakuna mtu wa Gusii, awe wa kanisa lolote, asiyejua kwamba nyumba za Sabato hupika Ijumaa kabla jua halijatua, na siku ya pili yake hakuna anayechuma chai. Baba alilijua jambo hilo tangu alipokuwa mtoto, maana tulipakana na nyumba mbili za namna hiyo. Alilijua vizuri, lakini aliposhika gazeti alijisahau.

"Jumamosi," akasema kwa sauti ndogo.

"Jumamosi! Watu walikuwa wanatoka kanisani. Sasa je, huyo msafiri angepita hapa jana, akakukuta na koti lako na viatu vyako, ndizi zako zimelala shambani, angekuandikaje wewe?"

Mimi niliruka nikapiga makofi. "Kumbe ni mwongo! Hawa watu wa Nairobi wote ni waongo!"

Shangazi akanigeukia, na kicheko chote kikamtoka usoni. "Wa Nairobi umemjua mmoja, tena kwa karatasi, ukawahukumu wote. Wewe na yeye mnatofautiana wapi?"

Nikaketi. Neno hilo lilinichoma kuliko kukatazwa kuolewa.

"Hakusema uongo," akaendelea. "Viatu aliviona. Moshi kweli haukuwapo. Aliona siku moja akaandika maisha mazima. Tena tafuteni humu kama kuna mwenyeji aliyeulizwa hata neno. Hakuna. Msema pweke hakosi." Kisha akamwelekea baba. "Kila anayeandika habari za watu ni esigani, kaka. Na esigani akirudi, sisi humwuliza nini?"

Baba akajibu kama mtoto wa darasa la pili. "Nani alimtuma. Alifika lini. Aliongea na nani."

"Na huyu ulimwuliza?"

Gazeti lile liliishia kufungia ndizi sokoni Keumbu, na baba akamtuma esigani wa miguu miwili. Mzee huyo alikwenda katikati ya juma, akarudi tena siku nyingine bila kutarajiwa. Hakuja na sifa tupu. Alisema ng'ombe wa kule wamekonda, na kwamba mama wa kijana ana ulimi mkali. Huo ulimi niliishi nao, mwanangu, na mzee hakukosea. Lakini alisema pia kwamba alfajiri alimkuta Onchiri kwenye chai amelowa umande hadi kiunoni. Siku Onchiri alipokuja nyumbani, baba alimsalimu, akaugeuza mkono wake, akaviangalia vidole vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai. Hakuuachia upesi. Naiona mikono ile miwili hata sasa, na yote miwili imekwisha kuzikwa.

Nakusimulia haya kwa sababu ya wiki jana. Uliniwekea simu mbele ya macho ukasema, "Shosh, cheki hii. Eti mabinti wa kwao hawatulii kwa ndoa. Ni ukweli?" Ulikuwa unacheka, lakini nilikuona hulali. Ni kwao yule msichana unayempenda.

Mwanangu, kuuliza si ujinga, ila wa kuulizwa kwanza si mimi. Uliulize hilo andiko. Nani amelituma, na anapata nini ukiliamini? Aliyeandika alifika lini, aliketi na nani, mbona wenyewe hawasikiki? Ukikutana na neno "wote" au "daima", simama hapo upumzike, maana ndipo mwandishi alipochoka kutembea. Kisha jiulize na wewe, na hili ndilo gumu: mbona hili limeniingia upesi hivi? Nilikuwa nalingojea? Nawe ukishagundua kosa la mwenzako, usikimbilie kulifanya lako, kama nilivyofanya mimi. Akipenda, chongo huita kengeza. Na asiyependa, kengeza ataiita chongo. Jicho la msomaji nalo lina upendeleo wake, si la mwandishi peke yake.

Leo ni Jumamosi. Jiko langu ni baridi tangu jana jioni, na babu yako hayupo kwenye kiti chake. Mpita njia akichungulia ataandika kwamba hapa pana kikongwe ametupwa na watoto, hana hata wa kumwashia moto. Hataona chungu kilichofunikwa tangu jana, wala wajukuu waliojaa hapa ukumbini. Basi mlete yule msichana Jumamosi ijayo, aingie kwa mlango huu wa jikoni. Atakuta hakuna moshi. Kama ni mtu wa kuuliza, ataniuliza, na mimi nitamwuliza habari za kwao, kutoka kinywani mwake.

Nyasae agosesenie, mwanangu. Mungu akubariki, akupe macho yasiyochoka haraka, na nyumba yako asiisimulie mtu ambaye hakuingia ndani.