Nakato Aliyeitwa Mchana

Nilipokuwa bado mtoto wa kuamia ndege mpungani, huko Dimani, Bibi mzaa baba alinikataza jambo moja: nikisikia naitwa, nisiitike mpaka nimwone anayeniita. Watoto wote walikatazwa hivyo, ila mimi ndiye niliyekuwa naitwa kweli. Mchana mweupe, niko juu ya dungu la kulindia shamba na kombeo langu, sauti ya mwanamke ilikuwa ikitoka bondeni: Nakato. Kwa kuvuta, kama mama anayemwita mtoto aje kula. Mama alisema ni upepo. Upepo gani unaojua jina la mtu?

Na jina lenyewe lilikuwa kituko. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo, na huyo ndiye somo yake. Nakato mwingine hakuwepo Dimani yote. Baba alirudi na jina hilo kutoka vita vya Uganda, miaka michache kabla sijazaliwa, na akiulizwa somo yangu ni nani alijibu kwa mkato: "Mtu wa huko." Kisha akarudi zake Nyamisati kukata boriti za mikoko.

Nilipovunja ungo nikawekwa ndani. Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba imejaa Kibiti, na Mama alishaninunulia gauni la kutokea. Lakini mwali hatolewi nje mpaka wafu wa ukoo wakubali. Jioni Bibi alimwaga unga wa mtama chini ya mti wa mtondoo, akaufanya kichuguu, akawataja wafu wetu. Ukikutwa asubuhi umetulia, wamekubali. Ukiharibika, mwali anabaki ndani.

Uliharibika. Kuku, nikasema moyoni. Bibi naye alidhani kuku, akamwaga mwingine, akaufunika kwa kawa na kuweka jiwe juu yake. Asubuhi jiwe lipo, kawa lipo, na chini yake unga umesambaa kama uliopigwa kofi na mkono mdogo. Hoja hiyo sijaipatia jibu mpaka leo, na mimi si mtu wa kukosa jibu.

"Kuna mtu hatukumtaja," Bibi alisema, akaagiza Baba aitwe.

Niliwasikiliza kupitia ufa wa ukuta. Walikaa uani, Mama pembeni anapepeta mchele.

"Somo ya mwanao yu hai au kafa?" Bibi aliuliza.

"Kafa."

"Kafa na nini?"

Baba alikuwa anachimbachimba chini kwa kijiti. "Mie nilimpiga. Pazia lilitikisika, nikafyatua. Kumbe mtoto. Mama yake akawa anamwita Nakato, Nakato. Tukaondoka anamwita tu."

Mikono ya Mama ikasimama juu ya ungo.

"Nawe ukampa mjukuu wangu jina hilo."

"Nilidhani nikiliita mie kila siku, yule mama atanyamaza."

"Basi hukumpa jina," Bibi alisema. "Umempa kazi."

Jioni ile Baba alimwaga unga kwa mkono wake mwenyewe, akalitaja jina. Asubuhi unga ulikuwa umetulia. Nikatolewa kwa ngoma na vigelegele, nimevaa gauni langu, na wazee wakasema limekwisha. Limekwisha kwa nani? Sisi ndio tuliojishitaki, sisi ndio tuliojisamehe, kwa kibaba cha mtama. Baba akarudi kwenye boriti zake. Hakuna aliyewaza kwenda kumuuliza yule mama.

Chuoni nilitetea kwenye mdahalo kwamba mtoto harithi hatia ya mzazi wake. Nilishinda, na hoja hiyo bado naisimamia. Tulipotoka ukumbini, binti mmoja wa Uganda alinifuata akicheka.

"Wewe Mtanzania, jina letu umelipata wapi? Na Babirye umemwacha wapi?"

"Babirye gani?"

"Pacha wako, dada. Nakato ni pacha wa kike anayezaliwa wa pili. Wa kwanza ndiye Babirye."

Nilicheka naye.

Hatia sikuirithi. Jina nimelirithi, na kumbe jina lilikuwa na ndugu. Pengine Babirye huyo yuko huko Uganda, mwanamke mzima sasa, nusu ya watu wawili. Bibi amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na katazo lake nimelivunja. Siku hizi nikisikia naitwa, hata nikigeuka nisione mtu, naitika abee.