Kliniki ya meno iliomba kumweka mathe kwa page, na mathe akakubali

Wakuu, habari za jioni.

Mimi huwa msomaji tu humu, nacheka na comments zenu kisha naenda kulala. Leo nina langu. Sijaongeza chumvi hata kidogo, na wale wanaonijua nje ya hapa naomba jina langu libaki mdomoni mwenu.

Ni ndefu kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Mathe, yaani mamangu, anaishi Mutuini na mzee, babangu, kwa kale kashamba ketu. Mimi niko Woodley, kazi nafanya town. Tangu tukiwa wadogo mathe hana meno ya mbele ya juu. Akicheka anafunika mdomo kwa kona ya leso. Nilizoea mpaka nikadhani ndivyo akina mama hucheka.

Mwaka huu mimi na dadangu Wambui tukaamua atengenezewe meno. Kliniki niliipata TikTok. Daktari ni kijana, ofisi iko ghorofani hapo town, na page yao imejaa video za before na after. Mtu anaingia na pengo, muziki unapigwa, anatoka na meno ya mtangazaji wa TV. Mimi ni mtu wa kushawishika, siwafichi.

Nikampeleka. Kliniki ni safi, hapo sina neno. Kuna msichana anaitwa Mercy, kazi yake ni mitandao ya kliniki. Ana simu kwa stendi na ile taa ya duara, vyote vimesimama karibu na kiti cha mgonjwa. Nilimwacha mathe akiandaliwa nikarudi ofisini, maana boss wangu haelewi mambo ya "nimempeleka mama hospitali".

Mathe akarudi huko mara kadhaa, kupimwa na kujaribishwa, mwishowe meno yakaingia. Wakuu, alipendeza! Alijiangalia kwa kioo cha gari langu mpaka machozi yakanilenga.

Basi. Wiki iliyopita niko lunch na wenzangu, jamaa mmoja wa idara yetu akanisukumia simu.

"Ebu cheki huyu shosho. Hii video iko kila mahali."

Nikaangalia. Ni mathe.

Mdomo wazi, pengo lote nje, uso wake umejaa skrini. Sauti ya Mercy inamuuliza, "Shosho, na haya meno yalienda wapi?"

Na mathe, kwa sauti ile ile anayotumia kuitisha chumvi, anajibu: "Ni baba ya watoto alinigonga ngumi. Watoto hawajui. Niliwaambia ni ng'ombe ilinipiga teke nikikamua."

Halafu muziki. Halafu meno mapya. Halafu maandishi: "Usikubali yaliyopita yakuibie smile yako. DM tu-book appointment."

Nikaweka chapati chini. Yule jamaa alikuwa bado anacheka, hajui ni mama ya nani.

Hapa lazima niwaeleze habari ya hiyo ng'ombe, la sivyo hamtaelewa. Tumekua nayo. Tuliambiwa ng'ombe ndiye alimvunja mathe meno, na mzee akampeleka huyo ng'ombe Dagoretti kwa kichinjio, eti hawezi kufuga mnyama aliyemuumiza mkewe. Sisi watoto tukaona huyo ndiye mume. Mimi mwenyewe niliisimulia hadithi hiyo kwa harusi ya Wambui, maikrofoni mkononi, watu wakapiga makofi. Mathe alikuwa amekaa pale mbele, leso mdomoni.

Na mzee wetu si mtu wa hivi hivi. Ni mzee wa kanisa. Yeye ndiye huitwa kupatanisha watu wakikosana nyumbani. Hebu fikirieni hapo.

Nikatoka bila kuaga mtu, nikashika njia kwenda kliniki. Nikiwa bado natembea, simu ya mzee ikaingia. Video ilikuwa imeshafika kwa group ya kanisa.

"Kamau, hiyo kitu itolewe. Leo."

Nilikuwa nangoja aseme ni uongo. Walahi, angesema ni uongo ningemwamini papo hapo. Akauliza tu, "Umenisikia?" kisha akakata.

Kliniki niliingia na moto. Mercy akaruka kutoka kwa kiti.

"Lakini nilimuuliza! Sisi hatupost mtu kama hajakubali."

Akafungua video ndefu, ile haijakatwa. Kweli, anasikika akiuliza: "Shosho, ni sawa tukuweke kwa page yetu?"

Na mathe anajibu: "Niweke, mwanangu. Daktari akikuja asome yote, ndio ajue vile atanitengeneza."

Wakuu. Page!

Mathe alidhani ni ukurasa wa faili yake. Maisha yake yote hospitalini ndivyo inavyokuwa: unaulizwa shida yako, nesi anaandika, daktari anakuja anasoma. Ile simu na ile taa alidhani ni mitambo ya meno. Alikuwa anamjibu daktari, na daktari hafichwi ugonjwa. Mercy alisikia jibu lile, akaona ni uzee tu, akalikata, akaendelea na kazi.

Nilipomweleza hayo, Mercy akaanza kulia. Sikumhurumia. Daktari akafuta video mbele ya macho yangu, akaomba msamaha, na mimi nikaondoka nikijiona nimefanya kazi ya mwana. Watu walikuwa wamesha-download, lakini angalau kwenye page haipo.

Jioni hiyo nikaenda Mutuini. Mathe alikuwa jikoni akikata sukuma. Mzee alikuwa sebuleni, TV imezimwa, na mlango wa katikati uko wazi.

"Wamama wa kanisa wamenipigia," mathe akasema kabla sijakaa. "Wewe umeona?"

"Nimeona, mum."

"Na Wambui?"

"Ameona. Analia tu."

Akaendelea kukata. Nikamwambia asijali, nimewalazimisha waifute, mambo yameisha.

Kisu kikasimama.

"Nani alikwambia uitoe?"

Nikababaika. Nikasema ni aibu, tena hata mzee alisema itolewe.

"Si ya yeye. Mdomo ni yangu." Hakupunguza sauti, na sebuleni ilifika. "Nyinyi wanaume wawili mmeongea mkamaliza, hakuna mtu alinipigia. Huyo msichana alikosea, sawa. Lakini aliniuliza meno yalienda wapi. Miaka hii yote hakuna mwingine aliniuliza. Warudishe."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka na ile video.

Sasa somo. Nyinyi wa kliniki, saluni na biashara zozote mnaojitangaza kwa watu: usimwambie mzazi wa mtu "page" ukadhani umeomba ruhusa. Mwonyeshe simu. Mwambie watu wa kanisa lake wataona, majirani wataona, watoto wake wataona. Akikubali hapo, endelea.

Langu mimi ni kwamba nilikimbia kumfunika mama bila kumuuliza kama anataka kufunikwa. Hilo linaniuma hadi sasa.

Daktari anaogopa kuirudisha. Wambui anataka irudi. Mimi naogopa kitakachotokea humo nyumbani. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Leteni maoni, hata makali. Ila matusi ya mzee mniachie mimi mwenyewe.

EDIT: Asanteni kwa comments, nimezisoma zote. Wengi mmesema nimsikilize mathe, wengine mmesema nilinde boma. Haina haja tena. Leo mchana amemwita Wambui jikoni, akaketi kwa stuli na meno yake mapya, akamwambia washa simu. Ametaja jina lake lote, akataja na la mzee, akaeleza ilivyokuwa tangu mwanzo. Kisha akasema itumwe kwa group ya kanisa. Wambui akamuuliza kama ana uhakika, akamuuliza tena.

"Tuma," mathe akamwambia. "Na usikate mahali."