Wifi Yangu na Chai ya Moto

Siku ya kwanza ukweni nilichekwa kwa kupuliza chai. Wifi yangu, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, aliangua kicheko: "Wifi, unakunywa chai au unawasha jiko?" Kwao chai hunywewa ikitokota, na anayengoja ipoe ni mtoto mchanga. Basi nikajifunza kuungua kimyakimya.

Mwaka huu akaja binti wa utafiti kwenye kibanda chetu cha ushonaji, ambako mimi hupiga pasi. Alikuwa akipita akipima joto la chai za watu.

"Saratani za njia ya chakula hazifanani kila mahali," alitueleza. "Kuna wanakougua zaidi utumbo mpana, kuna wanakougua tumbo. Huku tunaziona sana za umio, hili koo linaloteremsha chakula. Tunachunguza mazoea: sigara, pombe, na vinywaji vya moto kupindukia."

"Sisi tumezaliwa na makoo ya chuma," wifi akamjibu, akapiga funda.

Binti alikitumbukiza kipimajoto chake kikombeni mwake, akakitazama mara mbili. Kisha akauliza jambo ambalo sisi wa nyumbani hatukuwahi kuliuliza: "Mama, mbona mkate unauchovya mpaka unalowa chapachapa?"

Wifi akaurudisha mkate sahanini. "Mkavu unakwama," akasema, bila utani wowote.

Nikaiweka pasi chini. Mama mkwe wangu naye alianza hivyohivyo, kwa kuchovya mkate. Tukasema ni deko la uzeeni, mpaka saratani ya umio ikamchukua.

Kesho yake nilimfungia kibanda. "Siendi hospitali, nina gauni la bibi harusi!" akafoka.

"Bibi harusi atangoja. Mbele!"

Hospitali wakamshushia kamera kooni, wakachukua kipande kidogo cha nyama cha kupima. Siku zote za kungoja majibu hakumtania mtu hata mmoja, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Majibu yakatoka: vidonda vya kuungua, saratani hakuna. Dawa, chai ya vuguvugu, na kurudi kuangaliwa. Nililia pale pale benchini, sikuona haya.

Jana jioni tulikuwa sote mezani. Wifi akainua kikombe, akakipuliza.

"Wifi," nikasema, "unakunywa chai au unawasha jiko?"

Nyumba nzima ikavunjika mbavu. Yeye akachukua ganda la mkate, kavu, akalitafuna. Vicheko vikakatika, macho yetu yote shingoni mwake.

Likapita.

"Mnanikodolea nini?" akasema. "Leteni lingine."