Kibuyu cha Mkaguzi

Sisi wenye diploma ya umeme hatuaibiki kirahisi, lakini juzi niliaibika mbele ya kanisa letu lote hapa Kapkatet. Nilikuwa nyumbani kwa likizo kutoka kazi yangu ya meli ya watalii, na nilikuwa narudi huko na vijana wanne walioajiriwa. Wakala wa meli alikuja kanisani kukagua mizigo yao, akaniachia mimi kazi hiyo kwa heshima ya elimu yangu.

"Melini hakuna pasi ya nguo, hakuna koili ya kuchemsha maji," niliwaambia. "Moto ukiwaka baharini utakimbilia wapi? Ukipatikana nayo, kazi imeisha."

Chebet, mmoja wa wale wanne, alikuwa na koili. Niliichukua, nikamhubiria mpaka akalia.

Sasa niseme ukweli. Chai ya melini ni maji moto na kamfuko ka majani. Mtu wa Kapkatet, aliyelelewa kwa chai iliyochemshwa na maziwa, hawezi kuivumilia miezi tisa. Koili yangu mimi niliificha ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nikayajaza juu yake. Nani angechungulia humo?

Nilimsahau Mama Chebet. Baada ya maombi alichukua kibuyu changu.

"Wasafiri hawaondoki bila kuonja maziwa," alisema, akakiinamisha juu ya kikombe cha wakala.

Maziwa hayakutoka. Akatikisa. Ikatangulia plagi, kisha waya.

"Diploma," Chebet aliniita, akijipangusa macho, "hii nayo tunakunywa ama tunachomeka ukutani?"