Kiganja cha Bundi

Mtaani walimwita Bundi, naye hakukasirika. Angekasirikia nini, wakati lilikuwa jina la haki? Alikuwa seremala wa kaunta na rafu za maduka, na duka likifa yeye ndiye aliyeitwa kung'oa. Alibeba mbao hadi karakana yake, akazipiga randa mpaka zikawa kama mpya, kisha akamuuzia mwingine aliyekuja na matumaini yake. Kaunta moja ya mbao nyekundu ilishakaa kwenye saluni, duka la viatu na mkahawa, yote barabara ile ile. Kila ilipohama, unene wake ulipungua kidogo.

Watu hawakumwogopa kwa hilo. Waliogopa kiganja chake. Akiingia dukani, hata kama ni kununua kiberiti tu, alikiweka kiganja juu ya kaunta na kukiburuta polepole, huku kidole gumba kikipapasa ukingo kwa chini kupima unene. Hakuwa na nia mbaya, jamani. Ni mkono wa fundi. Lakini mwenye saluni alipapasiwa kaunta, akafunga. Mwenye viatu naye vivyo hivyo. Basi watu wakajumlisha wenyewe, na Bundi akikatiza tu utasikia, "Mikono mfukoni, mzee!" Walicheka, lakini cheko la juu juu.

Aliyemkaa rohoni ni mama wa mkahawa. Alikuwa mjane mcheshi, aliyeegemea kaunta ile kwa viwiko kutwa nzima akipiga soga na wateja, hadi mbao ikabonyea mahali pawili. Asubuhi moja Bundi aliagiza chai, na mkono ukaenda wenyewe. Yule mama akautazama.

"Umekuja kunywa chai, au umekuja kupima?"

Hakuwa anatania. Haukupita muda akamwita aje kung'oa. Bundi alipokuwa akilegeza skrubu, mama alisimama mlangoni amekumbatia birika lake mpaka kazi ikaisha.

Karakanani maranda ya mbao ile yalitoa harufu ya kahawa. Alipiga randa, akapiga msasa, macho yakaona pamesawazika. Lakini akipitisha kiganja, vile vibonyeo viwili bado vipo. Na nyuma ya bega lake mtu akauliza: umekuja kupima? Akageuka. Hapakuwa na mtu. Swali lile halikumwacha tena.

Halafu binti yake, mwanawe wa pekee, akapanga chumba kile kile cha mama wa mkahawa. Miaka nenda miaka rudi alipikia kwenye majiko ya watu. Sasa alitaka jiko lake mwenyewe, na ujana wake wote aliuweka humo. Baba alitaka kumtengenezea kaunta mpya. Binti akaiona ile nyekundu imeegemezwa ukutani.

"Hii hii, Baba. Nyingine sitaki."

Angemwambia nini? Kwamba ina mtu ndani yake? Aliifunga skrubu kwa mkono wake, akatoka, akajiapiza kutotia mguu humo tena.

Binti akimwalika, leo mgongo unauma, kesho kazi imembana. Lakini kila mchana alisimama ng'ambo ya barabara kwenye nguzo ya taa, mikono mfukoni, akichungulia kioo na kuomba viti vijae. Havikujaa. Akazidi kuja kusimama.

Siku moja binti alivuka barabara na aproni yake.

"Baba, unanifanyia nini?"

"Nakukinga, mwanangu."

"Unanikinga? Watu wanasema, kama baba yake mzazi hali pale, ana lake jambo. Wanasema Bundi anangoja zamu. Wanakuona hapa, wanapitiliza." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Endelea hivi hivi, nitafunga. Na utakuja kung'oa mwenyewe."

Aibu ilimshika Bundi. Akavuka naye.

Wateja wachache waliokuwepo walimgeukia, vijiko vikabaki hewani. Alikaa kitini mbele ya kaunta, akaukalia mkono wa kushoto, akanywa supu kwa wa kulia. Ilikuwa tamu, na utamu ule ndio uliomuumiza zaidi: kumbe watu wamenyimwa hiki kwa ajili yake. Alimaliza bakuli. Mtu mmoja akaagiza supu kama ya mzee.

Binti alifurahi. Akainama juu ya kaunta, viwiko vyake vikatua palepale kwenye vile vibonyeo, kana kwamba vilichimbwa kwa ajili yake.

"Enhe, mzee wangu," alimtania, "umekuja kula au umekuja kupima?"

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Bundi alilisikia swali la yule mama.

"Kula," alisema, naye akacheka.

Kisha akatazama chini. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshatoka, kidole gumba kiko chini ya ukingo, na alishajua: mbao imebakiza kupigwa randa mara moja tu.

"Nikuongeze, Baba?"

"Niongeze, mama," alisema, akaurudisha mkono chini ya paja na kuukalia kwa uzito wake wote. "Na kesho nitakuja tena."